Maswali Yenu: Hivi Hadithi za Wagiriki Zikichorwa Katuni Zinaharibika?

Safu ya leo ni ya katuni za visasili vya Ugiriki ya kale peke yake, maana barua zimekuja nyingi na karibu zote zinagusana, nimechagua tano. Nyingine zinajibiwa humo humo ndani kwa hiyo ukiona swali lako halina jina lako endelea kusoma tu utalikuta.

Anti shikamoo. Mimi na kaka yangu tumegombana mpaka karibu tuache kusemeshana, mimi nasoma sana katuni za miungu ya Kigiriki na yeye ni mtu wa vitabu vya maandishi matupu, ananiambia ninachosoma ni uchakachuaji, eti hadithi ya kweli ni ya washairi wa zamani, Homer na wenzake, na mchoraji wa leo hana haki ya kubadilisha chochote. Nimeshindwa kumjibu. Yuko sahihi? (Mdogo Mtu)

Marahaba mwanangu, na naomba msinuniane kwa hili maana wote wawili mnapenda kitu kimoja.

Kaka yako ana hoja moja nzuri nitairudia huko mbele, lakini pale anaposema hadithi ya kweli ni ya zamani wewe muulize tu, ya zamani ipi? Maana hao wa zamani wenyewe walikuwa hawakubaliani. Mchukue Helen, malkia wa Sparta. Kila mtu anajua Helen alichukuliwa na Paris, mwana wa mfalme wa mji wa Troy, akapelekwa Troy, vita ikaanza. Sasa kuna mshairi anaitwa Stesichorus, huyu ni wa karne ya 6 KK huko, akasema hapana, Helen hakufika Troy kabisa, kilichofika kule ni kivuli chake. Na mwaka 412 KK Euripides akaleta jukwaani tamthilia nzima ambayo Helen yuko zake Misri miaka yote hiyo anamngoja mumewe, huku wanaume wanauana miaka kumi kwa ajili ya mwanamke aliyeumbwa kwa hewa. Hebu fikiria hapo, mtu anachukua vita kubwa kuliko zote kwenye hadithi za watu wake anaing'oa moyo, mbele ya watu wa Athens waliokaa wanamtazama. Katika katuni zote nilizosoma sijaona mchoraji aliyethubutu kiasi hicho. Na huyo huyo Euripides, kwenye tamthilia yake nyingine ya mwaka 431 KK, mama anayeitwa Medea anawaua wanawe kwa mkono wake mwenyewe, wakati yalikuwepo masimulizi mengine yanayosema waliowaua wale watoto ni watu wa Korintho.

Halafu hii ya kwamba maandishi ndiyo asili na picha ni nyongeza ya juzi, hapo ndo kaka yako kapotea kabisa. Wagiriki wengi walizijua hizi hadithi kwa masikio na kwa macho, walizisikia zikiimbwa na waliziona zimechorwa kwenye mitungi, vikombe, kuta za mahekalu. Kuna mtungi mmoja uko makumbusho ya Vatican, umechorwa na Exekias miaka ya 540 au 530 KK hivi, ukipata picha yake kwenye intaneti ikuze mpaka uone nyuzi za mavazi. Achilles na Ajax, mashujaa wawili wa Kigiriki kwenye vita ya Troy, wameketi wanacheza mchezo wa kete, mikuki wameshika bado, Achilles kofia ya vita kichwani, Ajax kaivua kaitundika nyuma yake juu ya ngao. Wote wameinama wanaangalia kete kama watu waliosahau kwamba kuna vita. Na pale karibu na midomo yao kuna herufi ndogo, Achilles anasema "tesara", yaani nne, Ajax anasema "tria", tatu. Basi. Maneno yanatoka mdomoni yanaelea hewani kwenye picha. Mwanangu hicho ni kiputo cha maneno bila ule mstari wa kukizungushia, na kina zaidi ya miaka 2,500! Mimi mara ya kwanza kukiona nilikaa nacho nusu saa nzima, maana mmoja kapata nne na mwenzie tatu, na mtu anayejua hadithi anajua kwamba Achilles atakufa na Ajax ndiye atakayembeba mwili wake kumtoa vitani, kisha naye atajiua. Exekias hakuandika hayo yote, ameandika namba mbili tu akamwachia msomaji.

Kuna na mtungi mwingine uko Florence, Italia, unaitwa François kwa jina la aliyeuchimbua, huo ni wa kama mwaka 570 KK, una watu na wanyama karibu 270 wamepangwa kwenye mikanda mikanda juu hadi chini, ukiuzunguka unasoma harusi ya Peleus na Thetis, wazazi wa Achilles, mazishi ya Patroclus rafiki yake, mawindo ya nguruwe wa Kalydon. Mchoraji wake Kleitias kaandika majina zaidi ya 120, mpaka mtungi wa maji na chemchemi kavipa majina yake pembeni. Mwaka 1900 mlinzi wa makumbusho aliurushia kigoda ukavunjika vipande 638, wakauunga tena kipande kwa kipande, na mpaka leo upo unasomeka.

Sasa hoja nzuri ya kaka yako. Kuna mchoraji anayebadilisha kwa sababu ameisoma hadithi akaona kitu, na kuna anayebadilisha kwa sababu hajui. Huyu wa pili yupo na anaudhi. Mfano wa siku zote ni sanduku la Pandora, lile alilolifungua yakatoka mabaya yote ya duniani. Kwa Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, hakuna sanduku, ni pithos, gudulia kubwa la kuhifadhia mafuta au nafaka, mengine marefu kukaribia kimo cha mtu, sanduku limeingia karne ya 16 baada ya msomi Erasmus kutafsiri neno vibaya. Ukimchora Pandora kashika kijisanduku cha vito kiganjani umepoteza picha nzito sana ya mwanamke amesimama mbele ya gudulia kubwa kama yeye, anasukuma kifuniko kwa mikono miwili. Mwambie kaka yako aanze na mfululizo wa Olympians wa George O'Connor, vitabu 12 vimetoka kati ya mwaka 2010 na 2022, kila mungu na kitabu chake, na nyuma ya kila kimoja kuna maelezo ya fremu mbalimbali, mtu anakueleza hiki nimekitoa wapi na hapa kwa nini nimechora hivi. Mtu wa maandishi akisoma zile kurasa za nyuma atatulia.

Habari za kazi. Binti yangu ana miaka 14 na usiku kucha yuko kwenye simu anasoma ile katuni ya Hades, mungu wa kuzimu, na Persephone, inaitwa Lore Olympus, analia, anacheka, anachora nywele za pinki kwenye madaftari yote. Nikasoma kidogo hadithi ya asili nikakuta ni msichana aliyetekwa! Sasa mbona wanamfundisha mtoto wangu kwamba utekaji ni mapenzi? Nimzuie? (Mama Mwenye Wasiwasi)

Nzuri tu dada yangu, na wasiwasi wako una msingi kwa hiyo sitaupuuza hata kidogo.

Nianze na katuni yenyewe. Mwandishi na mchoraji wake ni Rachel Smythe wa New Zealand, ilianza kutoka kwenye Webtoon, jukwaa la katuni za mtandaoni, mwaka 2018 ikaisha 2024, yaani ni ya kuskroli kwenye simu kushuka chini, siyo ya kufungua kurasa. Hades kachorwa wa bluu, Persephone wa pinki, na unapokuwa unashusha kidole skrini nzima inageuka bluu halafu linatokea doa moja la pinki huko chini unajua kabisa nani kaingia kabla hujaona uso. Hiyo kazi ya rangi ni nzuri sana, ndo maana madaftari yameisha. Katika simulizi hili Hades hamteki msichana, Smythe ameitoa hiyo sehemu makusudi kabisa, kwa hiyo mtoto wako hasomi utekaji uliopakwa sukari. Ila kuna jambo lazima ulijue, ndani yake kuna ubakaji, na anayefanya ni mungu mwingine siyo Hades, na hadithi inakaa muda mrefu na maumivu ya Persephone baada ya hapo, anavyojilaumu, anavyoshindwa kumwambia mtu. Episodi ngumu zinawekewa tahadhari mwanzoni. Kwa miaka 14 mimi nisingemzuia, ningesoma naye zile episodi. Kaa pembeni yake muulize, hapa unadhani kwa nini hasemi? Utashangaa atakachokujibu.

Na hiyo hadithi ya asili uliyosoma, nadhani umesoma muhtasari, naomba usome wimbo wenyewe kwa Demeter, mama yake Persephone, ule wa zile nyimbo za kale zinazoitwa za Homer, si mrefu, hata mistari 500 haifiki. Wimbo huu wenyewe ulipotea karne na karne, ukaja kuonekana mwaka 1777 Moscow kwenye nakala moja tu ya mkono. Msichana anachuma maua, anaona ua la nargisi lenye vichwa mia moja limetoka kwenye kikonyo kimoja, ananyoosha mikono yote miwili kulichuma, ardhi inafunguka. Anapiga kelele na hakuna anayekuja. Zeus, mfalme wa miungu na baba yake mzazi, ndiye aliyekubali hayo. Mama yake anazunguka na mienge siku tisa, hali, hanywi, haogi. Mimi nikiwa mama siwezi kuusoma huo wimbo bila koo kukaza.

Sasa angalia kitu kimoja humo ndani. Wakati wa kuachiwa msimulizi anasema Hades alimpa punje ya komamanga kwa siri, na akishakula chakula cha kuzimu lazima arudi. Kurasa kidogo mbele Persephone mwenyewe yuko kifuani kwa mama yake anasimulia, na yeye anasema alinilazimisha, alinilisha kwa nguvu. Unaona? Msimulizi anasema kwa siri, mtoto anasema kwa nguvu, kwenye wimbo uleule mmoja! Wasomi wanabishana hapo mpaka leo, na kila mchoraji wa komiki akifika kwenye hiyo punje lazima aamue, mkono wa nani unaipeleka mdomoni? Wengine wanachora vidole vya Hades, wengine vya Persephone, wengine wanakwepa wanachora komamanga lililopasuka peke yake mezani. Mkifika hapo wewe na binti yako tafuteni katuni mbili tatu mlinganishe hiyo fremu moja tu, mtaongea usiku kucha. Idadi ya punje nayo inabadilika, wimbo una moja, Ovid, mshairi wa Kirumi, ana saba, na muda wa kukaa kule chini wimbo unasema theluthi ya mwaka, Ovid anasema nusu.

Wewe usijione mama mshamba kwa kushtuka. Demeter naye alishtuka.

Nimenunua Iliad ya katuni kwa hela yangu, nimefika mwisho hakuna farasi wa mbao, hakuna kisigino cha Achilles, Achilles hata hafi. Nimepunjwa kurasa au? (Msomaji Aliyekasirika)

Hujapunjwa, na kwa kweli umenunua kitu cha uaminifu. Iliad, utenzi wa Homer, haina farasi wala haina kifo cha Achilles, inaanza vita ya Troy ikiwa mwaka wa kumi na inaishia Hector, shujaa wa Troy, anapozikwa. Farasi, yule waliyejificha ndani yake Wagiriki wakaingia Troy, anatajwa kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, na anasimuliwa kwa kirefu na Virgil, Mrumi. Kisigino ndo kabisa, ile habari ya mama yake kumchovya mtoni Styx asidhurike popote ila kisigino alichomshikia, ya zamani zaidi tuliyonayo ni ya Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, miaka mamia kadhaa baada ya Homer. Kwenye Iliad yenyewe kitabu cha 21 Achilles anachubuliwa mkono kwa mkuki na damu inatoka. Anavuja damu kama mtu yeyote! Mimi namwona mkubwa zaidi hivyo, maana anaingia vitani akijua ngozi yake ni ngozi tu.

Ukitaka vita nzima tangu mwanzo kuna Age of Bronze ya Eric Shanower, alianza mwaka 1998, anakusanya kila kipande cha masimulizi ya Troy anavipanga pamoja, na miungu kaiondoa jukwaani, huioni ikitembea katikati ya watu, kila kitu kinabaki kwenye ndoto na maneno na tamaa za binadamu. Nguo, nyumba na meli kazichora kwa kufuata kilichochimbuliwa na wanaakiolojia, za zama za shaba kweli, siyo zile shuka nyeupe na nguzo za marumaru za filamu. Ni nzito na majina ni mengi, isome taratibu.

Shikamoo anti, mimi najifunza kuchora, nataka kufanya komiki fupi ya Medusa kurasa 12. Kila ninayemchora anatoka kama mwanamitindo aliyefungwa nyoka kichwani. Nifanyeje? Na nifuate hadithi ipi? (Kalamu na Wino)

Marahaba mwanangu, swali lako nimelipenda kuliko yote leo.

Hadithi kwanza. Kwa Hesiod Medusa amezaliwa Gorgon, yaani dude la kike ambalo ukilitazama unageuka jiwe, yeye na dada zake Stheno na Euryale, yeye peke yake ndiye anayeweza kufa, na Poseidon, mungu wa bahari, alilala naye kwenye majani laini kati ya maua ya masika. Hakuna laana hapo. Karne nyingi baadaye Ovid ndiye anayetuletea msichana mwenye nywele nzuri aliyeingiliwa kwa nguvu hekaluni kwa Minerva, ndiye Athena wa Wagiriki, halafu mungu yule wa kike akamwadhibu yeye kwa kumgeuza nywele nyoka. Wachoraji wengi wa leo wanamfuata Ovid na naelewa kwa nini, hasira ya hadithi ile bado ni ya moto. Ukimfuata Ovid mfuate kwa kujua, kwa kuwa hapo kurasa zako 12 zitakuwa za dhuluma. Ukimfuata Hesiod zitakuwa za dada watatu ambao wawili hawafi na mmoja anakatwa kichwa na shujaa Perseus. Mimi ningechukua hii ya pili, sijaona ikichorwa vya kutosha, wale dada wawili wanaamka wanakuta mwili hauna kichwa.

Sasa mwanamitindo wako. Kaangalie Gorgon wa zamani kabisa, siyo wa miaka ya karibuni. Uso duara, ulimi umetoka nje, meno kama ya nguruwe pori, mara nyingine mpaka ndevu. Na kikubwa zaidi, kwenye mitungi watu karibu wote wamechorwa kwa upande, mashujaa, miungu, farasi, wote wanatazama kushoto au kulia, Gorgon yeye amegeuza uso anakutazama WEWE uliyeshika mtungi. Ndo silaha yake. Kwa hiyo kwenye komiki yako jaribu hivi, kurasa zote kila mhusika mchore anatazama ndani ya hadithi, mtu yeyote asimtazame msomaji, mpaka fremu moja tu ambayo Medusa anainua macho. Hutahitaji kuandika neno.

Kitu kingine. Kisiwa cha Corfu kulikuwa na hekalu la Artemis la kama mwaka 580 KK, na ile pembetatu ya juu ya mbele ina Medusa wa jiwe karibu mita 3, anakimbia goti moja likiwa chini, nyoka wawili wamefungana kiunoni mwake kama mkanda. Pembeni yake wako Pegasus na Chrysaor, watoto wake. Lakini hao kwenye hadithi wanazaliwa pale shingo inapokatwa, na kichwa chake bado kipo! Mchongaji kaweka kabla na baada kwenye jiwe moja. Sisi tumezoea kwamba fremu moja ni dakika moja, yule hakuwa na hilo kabisa. Jaribu ukurasa mmoja mzima usio na mistari ya kugawa fremu, uone utakuletea nini. Ukimaliza nitumie, nataka kuuona.

Na kwa aliyeuliza kama Wonder Woman ni kisasili cha kweli cha Kigiriki, hapana, ametungwa Marekani na William Moulton Marston na mchoraji H. G. Peter, ametokea mara ya kwanza mwaka 1941. Lakini kwenye hadithi zake za mwanzo ameumbwa kwa udongo, na kwa Hesiod kuna mwanamke mmoja aliyefinyangwa kwa udongo na mungu Hephaestus, naye ni Pandora. Mwaka 2011 wakambadilisha akawa binti wa Zeus, mimi udongo naupenda zaidi.

Kwa ufupi tu. Niko dukani nimeshika komiki mbili za Iliad, hela ya moja. Nitajuaje nzuri ni ipi? (Mwenye Haraka)

Tangulia kurasa za mwanzo, angalia kama unaweza kuwatofautisha mashujaa, maana wote wana ndevu na kofia za shaba. Gareth Hinds kwenye ya kwake ya mwaka 2019 ameingiza herufi za kwanza za majina kwenye mavazi yao ya vita, ni akili ileile ya Kleitias na mtungi wake.

Halafu ruka mpaka karibu na mwisho, tafuta pale mzee Priam, mfalme wa Troy, anapoingia usiku kwenye hema la Achilles kuomba maiti ya Hector mwanawe. Anapiga magoti, anashika magoti ya Achilles, anaibusu mikono iliyomuulia watoto wake. Hesabu maneno kwenye ukurasa huo. Kama viputo vimejaa mpaka mikono haionekani, rudisha rafuni. Kama mchoraji amekupa mikono, ile mikubwa ya kijana na mdomo wa mzee umeegemea pale, hakuna mtu anayesema kitu, lipa.